Aliyeitwa Bi Kimya

Tuanze na la aibu, maana la aibu ukiliacha mwisho utapata visingizio vya kulipunguza. Kwa miaka kumi na miwili, kila Jumanne saa nne asubuhi, mwanamke msomi, profesa mwenye vyeti vya kutosha kufunika ukuta mzima, alisimama kando ya mifupa ya shangazi yake mwenyewe akaisomea mashairi. Aliishika bega. Aliitania. Wanafunzi walicheka, na yeye akacheka nao. Na miaka yote hiyo, mwendo wa nusu saa kutoka pale, baba yake alikuwa akiuliza kila Jumapili kama kuna habari yoyote ya dada yake.

Baba alikuwa fundi mwashi. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na huyo dada yake, aliyemzidi miaka minne tu, mtoto analea mtoto. Dada huyo alimfunga kamba za viatu, alimtafutia kazi ya kubeba zege, na alimtukana kila alipostahili na mara nyingine bila kustahili. Siku moja, dada akiwa tayari mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, aliaga kwamba anakwenda hospitali kuu kuonyesha kifua kilichokuwa kikimbana. Hakurudi. Fundi alikwenda kumwulizia mara kumi na moja. Mara kumi na moja aliambiwa arudi siku nyingine, au hawana mtu kama huyo.

Basi binti yake wa kwanza alipozaliwa, fundi alikuwa ameshakata shauri. Huyu atakuwa daktari. Si kwa sababu ya heshima wala gari. "Wewe utaingia kule kwa mlango wa wenyewe," alimwambia mtoto hata kabla hajajua kuandika jina lake. "Mimi wananijibu kupitia dirishani. Wewe utaingia ndani, uniangalizie."

Binti akasoma, akafaulu, akaingia kitivo cha tiba, palepale hospitali kuu, fundi akaita mtaa mzima. Mwaka wa pili wakapelekwa chumba cha kupasulia maiti. Alisimama mbele ya meza, akauliza, "Huyu ni nani?" Mwalimu akamwambia hilo si swali la somo hili. Aliuliza tena wiki iliyofuata, akaambiwa atoke nje akapunge hewa. Akatoka, hakurudi. Alihamia kitivo cha fasihi, jengo la ng'ambo ya barabara, lenye vyoo vibovu na watu wanaopenda kubishana.

Baba yake hakumsemesha miaka mitatu. Alipomsemesha alisema, "Nilikutuma ukamtafute dada yangu, umeniletea mashairi." Neno hilo limemkaa binti kooni mpaka leo, na nadhani lingemkaa yeyote.

Alichokwenda kusoma kinaitwa ulimbwende. Majirani waliposikia walidhani ni mambo ya wanja na nywele, wakamwuliza mama yake kama binti atafungua saluni. Ni mkondo wa washairi wa nchi za mbali wa miaka mia mbili iliyopita, waliodai kwamba moyo una akili zake, kwamba magofu ni mazuri kuliko majumba, na kwamba kifo ni usingizi mtamu. Wengine kati yao walisomea udaktari kabla ya kushika kalamu. Hapo ndipo yeye alipopata pa kuingilia. Aligundua kwamba wiki ileile mshairi anaandika kuhusu usingizi mtamu, hospitali ya mjini kwake inachukua maiti za maskini bila kumwuliza ndugu yeyote, inazipasua, inachemsha mifupa, inaitundika. Hakuna hata mmoja wa maskini hao aliyeulizwa kama anaona utamu wowote.

Akabuni namna yake ya kufanya kazi, nayo ndiyo iliyompa jina. Hakusoma shairi peke yake. Alitafuta daftari la hospitali la wiki lilipoandikwa shairi, akaliweka kando yake, akasoma vyote viwili mstari kwa mstari. Wanafunzi wakamwita Mama Madaftari. "Shairi linakwambia marehemu amelala," alikuwa akiwaambia huku akigonga meza kwa kifuniko cha kalamu. "Daftari linakwambia nani aliyemwamsha, saa ngapi, na kwa kisu gani."

Kwa hasira hizo alipanda. Aliandika kuhusu haki ya mgonjwa kuitwa kwa jina, haki ya maiti kutochukuliwa kama tofali lililookotwa barabarani. Watu wa haki za binadamu wakamwita kwenye vikao vyao. Alisafiri, alizungumza, alizisuta hospitali za mbali zilizokwisha kubomolewa na madaktari waliokwisha kuoza, na watu wakasimama wakampigia makofi. Nyani haoni kundule. Katika miaka yote ile hakuwahi kuvuka barabara akaomba ufunguo wa stoo ya hospitali yake mwenyewe.

Kisha kitivo cha tiba kikamwomba aje kuwafundisha madaktari wa mwaka wa kwanza kipindi kimoja kwa wiki, wajifunze kumsikiliza mgonjwa. Ukumbi uliokuwa wazi Jumanne ulikuwa ule wa anatomia, wenye viti vya ngazi, harufu ya dawa isiyotoka hata ufungue madirisha, na pembeni ya ubao, kwenye nguzo ya chuma, mifupa ya mtu mzima iliyoungwa kwa waya. Kwenye nguzo palikuwa na kibati chenye namba kumi na nne. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya kiwiko, kama tawi lililokua likikwepa ukuta.

Siku ya kwanza alimwuliza mkuu wa anatomia, bwana mmoja mwembamba anayefuta miwani yake hata ikiwa safi, "Huyu alikuwa nani?"

"Alinunuliwa ng'ambo, Mwalimu. Zamani sana, kabla yangu."

Akaridhika. Fikiria hilo. Mtu aliyeacha udaktari kwa sababu ya swali hilohilo, aliyejenga jina lake kwa kutoamini neno la hospitali yoyote duniani, aliambiwa "ng'ambo" akaridhika. Lilikuwa jibu la raha, na yeye alikuwa na kipindi cha kufundisha.

Akaipa mifupa jina: Bi Kimya. Wanafunzi walilipenda. Alikuwa akianza kila muhula kwa kuushika ule mkono uliopinda na kusoma shairi la mmoja wa washairi wake kuhusu usingizi wa wafu, kisha anageuka kwa mifupa na kusema, "Haya, Bi Kimya, unakubali?" Anasubiri kidogo. Ukumbi unacheka. Aliandika makala ndefu juu yake, makala iliyomfanya profesa. Ndani yake palikuwa na sentensi ambayo watu walipenda kuinukuu: "Mifupa hii haina mwenyewe, na kwa hiyo ni yetu sote." Aliiandika akiwa na kikombe cha chai mkononi, akaisoma mara mbili kwa sauti, akaona imekaa vizuri.

Baba naye alizeeka. Mama akatangulia. Mzee akahamia kwa mwanawe wa pili, mdogo wake profesa, fundi mwashi vilevile, katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama uani. Binti alimtembelea kila Jumapili, na kila Jumapili, baada ya salamu, mzee aliuliza, "Umepita pale?" Pale ni hospitali. Naye alijibu, "Nimepita, Baba, hakuna jipya," maana kweli alipita, alipita kila wiki akienda kufundisha. Mwaka huu figo zikaanza kumshinda mzee. Daktari aliwaita watoto pembeni akasema tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Mzee mwenyewe alikuwa na jambo moja tu. Amemtayarishia dada yake nafasi kando ya wazazi wao tangu ujana, na ya kwake iko kando ya hiyo. "Nikizikwa kabla yake," alisema, "dada akiniuliza kwa nini nimemwacha, nitamjibu nini?"

Wiki ileile paa la stoo ya hospitali likavuja. Likatoka tangazo kwamba madaftari ya zamani yataondolewa na kuchomwa. Profesa alilisoma ubaoni, akaona hapa pana zoezi zuri kwa wanafunzi, akaenda kuomba achukue machache. Stoo iko nyuma ya nyumba ya kufulia. Mlinzi alimfungulia, akamwonyesha marundo, akamwachia kigoda.

Alianza kwa mazoea yake. Akachukua daftari la mochwari, akachukua daftari la getini la mwaka uleule, akayaweka magotini sambamba. Hakuuchagua mwaka ule kwa bahati. Mkono ulikwenda wenyewe. Ulikuwa mwaka ambao amekuwa akiusikia tangu utotoni, na sasa yumo ndani ya stoo yake na hana tena jengo lingine la kujifichia.

Daftari la mochwari liliandika kwa mwandiko mzuri wa shule: mwanamke, hajulikani, ameanguka barabarani, ameletwa na wapita njia, hakuweza kusema, amefariki siku ya pili. Mkono wa kushoto umepinda chini ya kiwiko. Sheria ilitaka maiti asiyejulikana asubiriwe siku thelathini. Siku ya sita palikuwa na mstari mwingine: ametolewa kwenda anatomia, namba kumi na nne. Sababu: muhula unaanza.

Daftari la getini, siku ya nane, mwandiko wa mlinzi, herufi kubwa zinazopanda na kushuka: fundi mwashi anamtafuta dada yake, mrefu, mkono wa kushoto umepinda. Ameambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu: fundi mwashi, dada yake, mkono umepinda. Wodini wamesema hayupo. Alhamisi, yuleyule. Wiki iliyofuata, yuleyule, mvua inanyesha, amesubiri mpaka saa kumi. Mara kumi na moja. Walinzi waliandika kila mara, tena kwa uangalifu, na mara ya mwisho mmoja wao aliongeza, bila kuombwa na mtu: huyu bwana anasema kweli, atafutiwe.

Daftari la getini lilikaa getini, la mochwari likakaa mochwari. Kati ya meza hizo mbili ni hatua mia mbili, na hakuna mtu aliyezitembea. Kama kungekuwa na mtu mmoja katika hospitali nzima mwenye tabia ya kusoma madaftari mawili kwa pamoja, fundi angemwona dada yake akiwa bado mezani. Naam, mtu huyo alikuwepo. Alikuja baadaye kidogo, akakaa miaka kumi na miwili, akiwasomea wanafunzi habari za nchi za watu.

Hakulia pale stoo. Alisikia hasira ikipanda kutoka miguuni, hasira ya kumtosha kila mtu: mwandishi wa mochwari, mwalimu wa enzi zile aliyetaka maiti mapema, na mwanamke aliyekaa kwenye kigoda. Aliyafunga madaftari yote mawili ndani ya mtandio wake akatoka nayo. Mlinzi akamwambia, "Mwalimu, hayo hayajaandikishwa."

"Yameandikwa," alisema. "Tatizo hayajasomwa."

Walikaa kikao siku ya Ijumaa, watu wanne: mkuu wa kitivo cha tiba, yule bwana mwembamba wa anatomia, mwanasheria wa chuo, na yeye. Aliweka madaftari mezani, akaonyesha mistari, akasema anataka mifupa ile akaizike wiki hii. Mkuu wa kitivo alisikitika, na alijua kusikitika. Bwana wa anatomia alifuta miwani.

"Uliniambia amenunuliwa ng'ambo," profesa alimwambia.

"Ndivyo nilivyoambiwa nami."

"Na kibati je? Namba unayo nguzoni, daftari unalo chini ya paa lako. Ulihitaji ngazi kuvifikia?"

"Profesa, mwanamke mwenye mkono uliopinda si mmoja duniani. Vibati navyo hubadilishwa. Kisayansi tunahitaji vipimo, na vipimo vina foleni yake."

Mwanasheria, kijana mpole mwenye kabrasha nene, akakohoa kidogo. Alikuwa amejiandaa. Alitoa karatasi akasoma kwa sauti ya taratibu, "Mifupa hii haina mwenyewe, na kwa hiyo ni yetu sote." Akainua macho. "Haya maneno ni ya nani, Profesa?"

"Ni yangu."

"Chuo kinakubaliana nawe. Kwa maandishi yako mwenyewe, ni mali ya kufundishia. Hatukatai kuchunguza. Tunapendekeza kamati, itoe taarifa baada ya miezi sita."

Profesa alitazama karatasi ile, akaitambua sentensi yake, jinsi ilivyokaa vizuri, akatamani kuitafuna na kuitema.

"Niliandika ujinga kwa lugha nzuri," alisema. "Na nyinyi mmeupenda kwa sababu unawafaa. Nitaufuta. Nitawaandikia waliouchapisha kwamba makala nzima ni uongo, na cheo mlichonipa kwa ajili yake mkitaka mkichukue. Lakini baba yangu hana miezi sita. Mlimwambia aje Jumatatu, akaja. Mkamwambia dada yake hayupo, na mmemtundika ndani. Sasa mnataka kumwambia tena arudi?"

"Tunakupa pole sana," alisema mkuu wa kitivo.

"Pole siitaki. Nyinyi mnataka anayeujua mkono ule. Haya, nitamleta."

Jumapili alikwenda kwa mdogo wake. Mzee alikuwa ameegemezwa mito miwili, macho yamezama, akili nzima. Salamu zikaisha.

"Umepita pale?"

"Nimepita, Baba. Nimempata."

Mzee hakushtuka. Alikuwa amesubiri muda mrefu mno hata mshtuko ulikuwa umemwisha. "Yuko wapi?"

Akamwambia. Alimwambia yote, siku ya sita, namba, nguzo ya chuma, bila kupunguza. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, akaiweka chini polepole.

"Tangu lini wewe unakiingia chumba hicho?" mzee aliuliza.

"Miaka kumi na miwili."

"Ukimwona?"

"Kila Jumanne."

"Nimekwambia mara ngapi kuhusu mkono wake?"

"Mara nyingi, Baba. Tangu mtoto."

"Na ulikuwa ukifanya nini naye?"

"Nilikuwa nasoma mashairi."

Mzee aligeuza uso ukutani. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa, na binti hakuthubutu hata kumpangusia mdomo. Hatimaye alisema, bado ametazama ukuta, "Nilikufundisha ukiwa mdogo hivi, ukuta haupewi sifa kabla ya kupimwa. Wewe umesifu, hukupima. Wale walimwiba. Wewe ulimpita." Akapumua. "Mwambie ndugu yako atafute gari. Nakwenda mwenyewe."

Jumanne saa nne ukumbi ulikuwa umejaa, habari ilikuwa imeshavuma. Wanafunzi themanini, hakuna aliyecheka. Mstari wa mbele walikaa mkuu wa kitivo na mwanasheria. Mzee aliingia kwenye kiti cha magurudumu akisukumwa na mwanawe, koti la mazishi limefungwa vifungo vyote, mikono ya uashi imelala magotini. Alipoiona nguzo alisema, "Nisimamisheni." Wakamwambia apumzike kwanza. "Nimepumzika miaka mingi. Nisimamisheni."

Wakamshika, mwana upande huu na binti upande ule. Hakugusa mifupa. Alimtazama bwana wa anatomia.

"Kabla sijamgusa nitasema, ili usiniambie nimeona ndipo nikasema. Nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na mmoja. Tulipanda ukuta wa jirani, mimi nikamsukuma kwa mchezo. Tuliogopa kusema. Nilimfunga mimi, kwa mbao mbili za sanduku na kitambaa cha shuka. Mnaona hapo chini ya kiwiko palivyopinda? Hapo nilifunga vibaya. Hapo kila mtu anapaona. Lakini aliumia sehemu mbili. Shuka mpaka karibu na kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hapo nilifunga vizuri."

Bwana wa anatomia alisita. Akavua miwani, safari hii hakuifuta. Akachukua kioo cha kukuzia kutoka mfukoni, akainama, akapitisha kidole taratibu juu ya mfupa, akarudi, akapitisha tena. Ukumbi mzima ulisikia waya ukilia kidogo.

"Pana mstari," alisema. "Mwembamba sana. Mfupa ulivunjika hapa, ukaunga ukanyooka." Akamgeukia mwanasheria, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kikao. "Nimefundisha kwa mifupa hii miaka ishirini. Sikupaona."

Profesa naye hakupaona. Makala yake ilikuwa na kurasa thelathini na mbili, na kurasa tano kati yake zilikuwa juu ya mkono ule. Alikuwa ameandika juu ya mpindo, jinsi mpindo unavyozungumza juu ya udhaifu wa mwanadamu. Mahali palipofungwa vizuri na mtoto wa miaka saba aliyekuwa akilia kwa hofu, hakuwahi hata kupapitishia kidole.

Mwanasheria alitazama kabrasha lake. Mkuu wa kitivo alimwinamia sikioni, wakanong'onezana, kisha mkuu akaomba kalamu. Hakuna aliyesema habari za kamati tena. Karatasi ya kutoa ilikuwa ileile inayotumika kutoa vifaa vibovu, hawakuwa na nyingine. Palipoandikwa "kifaa" profesa alipafuta kwa mstari mmoja mzito uliotoboa karatasi.

Mzee alikuwa amekwisha kukaa. Sasa alikuwa ameushika mkono ule, wa dada yake, ameulaza kiganjani mwake kama mtu anayesubiri kuvuka barabara.

"Hapa walikuwa wakimwitaje?" aliuliza.

Mwanafunzi mmoja wa mbele aliinamisha kichwa. Binti alijua kwamba hili nalo ni lake.

"Bi Kimya, Baba."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

Mzee alimtazama. Kisha kitu kikamtoka kifuani, nusu kicheko, nusu kikohozi. "Kimya," alisema. "Yule. Yule alikuwa hanyamazi hata akitafuna. Siku aliyovunjika huu mkono alinitukana mpaka usiku, anaumwa na ananitukana. Ungemwuliza chochote angekujibu mara mbili." Kicheko kikaisha, hasira ikabaki mahali pake. "Ulikuwa ukisimama wapi ukimwita hivyo?"

"Pale mbele."

"Nenda pale. Waambie jina lake."

Alikwenda. Zilikuwa hatua sita, alizozitembea kila wiki akiwa na karatasi za mashairi mkononi, na leo mikono ilikuwa mitupu. Alisimama kando ya nguzo, akawatazama wale themanini, akalitaja jina la shangazi yake lote, lake na la baba yake na la babu yake, kama alivyofundishwa kabla hajajua kusoma.

Sauti ilikwama katikati. Mzee akamtikisia kichwa kutoka kwenye kiti.

"Wa nyuma hawajasikia," alisema.

Akalitaja tena.